Sauti ya Babu Imeanza Kunipotea

Toleo lililopita nilisimulia, kwa aya moja tu, jinsi dada yangu alivyolifua koti la marehemu babu yetu. Alifanya kwa nia njema. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango miaka nenda miaka rudi, vumbi limejaa mabegani. Akalitia sabuni, na harufu ya babu ikaondoka na povu. Mimi niliona ni kisa cha kujazia nafasi iliyobaki chini ya ukurasa. Kumbe nimetonesha vidonda vya watu. Barua zilizokuja zimezidi zile za mwaka mzima za majirani wakorofi na wapangaji wasiolipa. Nimechagua sita. Majina ni ya kalamu, kama kawaida yetu hapa.

Shikamoo Mzee. Babu yangu mzaa mama alifariki miezi minane iliyopita. Nililelewa naye tangu nina miaka sita, kwa hiyo kwangu alikuwa babu na baba. Nina mambo mawili. Kwanza, sauti yake imeanza kunipotea. Maneno yake nayakumbuka, lakini nikiyasikia kichwani nayasikia kwa sauti yangu mimi. Pili, kila nikimkumbuka anayekuja ni yule wa wiki tatu za mwisho: amekonda, midomo imekauka, ananiita kwa jina la mama. Yule aliyekuwa ananikimbiza nyumba nzima akijifanya zimwi haji kabisa. Naogopa mwaka ukiisha nitabaki na kitanda tu.
*Mjukuu wa Zimwi*

Marahaba, mjukuu wangu, na pole sana.

Nianze na kitanda. Wiki zile tatu zina nguvu kwa sababu ni za karibuni, na kwa sababu ulikuwa na hofu. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni zinazousukuma ubongo uandike kwa wino mzito. Kuna kisehemu cha ubongo kinaitwa amigdala, kinachoshughulika na hofu, na jirani yake wa ukuta mmoja ni hipokampasi, inayohifadhi matukio mapya. Wa kwanza akishtuka, wa pili haandiki kawaida. Ndiyo maana, nadhani, unakikumbuka kile kitanda mpaka rangi ya shuka, na huikumbuki Jumanne moja isiyo na jina ambayo babu alikuwa mzima, amekaa, hana neno. Zimwi lako halijafutika. Limefunikwa, na kifuniko hicho huwa kinapungua uzito.

Kwangu kilipungua siku moja. Babu yangu alikuwa fundi saa. Alifariki nikiwa na miaka 19, na leo nina 64. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa namwona amelala ubavu, ameelekea ukutani, basi. Halafu kuna asubuhi nilikuwa nafungua kitasa cha mlango kwa bisibisi ndogo, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaishika ile bisibisi kwa vidole viwili huku kidole cha shahada kimekandamiza juu, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka tisa. Palepale babu akaja: lenzi jichoni, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo, anainong'oneza saa ya mtu, "Njoo, mama, njoo," kama anambembeleza mtoto anayejifunza kutembea. Nilikaa chini pale mlangoni. Kitasa chenyewe hakijapona mpaka leo.

Tangu siku ile nimeacha kumwita babu kwa nguvu. Ukijiamuru "ngoja nimkumbuke", kinachokuja ni kile kilicho juu kabisa, na kwako kilicho juu ni kitanda. Ukiuliza jambo dogo, ubongo unalazimika kuchimba. Jiulize alikuwa anavuaje viatu: kwa mkono, au kwa kukanyaga kisigino cha mguu mmoja kwa mguu mwingine? Miwani aliiweka wapi akienda kulala? Funguo zilikaa mfuko upi? Akishapiga chafya alisema nini? Zimwi lake lilikuwa linanguruma au linacheka? Lilikufukuza likaishia wapi, na wewe ulikuwa unajificha nyuma ya nini? Andika jibu moja kwa siku kwenye daftari, mstari mmoja, na usiupambe. "Alivua kiatu cha kushoto kwanza" unatosha kabisa. Sentensi kama "alikuwa mtu wa upendo mwingi" haina kazi. Inamfaa babu wa kila mtu, na wewe unamtafuta wako.

Pua nayo ni njia ya mkato. Tunachokiona na kukisikia hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi, lakini habari za pua huingia karibu moja kwa moja kwa wale majirani wawili niliowataja. Ndiyo maana harufu ya mafuta ya mashine hunipiga kabla sijajua nimenusa nini. Kama ipo nguo yake ambayo haijafuliwa, wahi kabla dada zako hawajawahi. Itie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kubana, na uifungue kwa nadra. Harufu ni chembechembe zinazoruka. Kila ukifungua zinapungua kidogo, na pua nayo huzoea upesi ikaacha kuisikia.

Sasa sauti. Tukikumbuka maneno ya mtu mara nyingi tunayasema kimoyomoyo, na sauti ya moyoni ni ya mwenye moyo. Hujamsaliti. Halafu kukumbuka ni kugumu kuliko kutambua: sauti usiyoweza kuiita kichwani leo, ukiisikia kutoka chumba cha pili utaijua kwa neno moja. Kwa hiyo kazi ni kuitafuta irudi kupitia sikio. Wengi hutafuta video za babu, wakikosa hukata tamaa. Tafuta video za watu wengine. Harusi, mahafali, mtoto wa jirani anatambaa, mtu anaonyesha gari jipya, na nyuma yake, nje ya picha, kuna mzee anauliza nani amechukua kiti chake. Waombe ndugu wote wapekue simu zao, hata zile mbovu zilizotupwa kwenye droo. Wapekue na ujumbe wa sauti uliosahaulika. Mimi sina hata sekunde moja ya sauti ya babu yangu. Kuna picha tatu tu. Wewe una nafasi ambayo sikuwa nayo.

Kuhusu hofu yako ya mwaka kuisha: Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo sana. Alipima silabi, hakupima babu, na silabi hazijawahi kumkimbiza mtu nyumba nzima. Lakini mwelekeo ni huohuo: ulichobaki nacho baada ya miezi minane hakitakutoka kwa kasi ile ya mwezi wa kwanza.

Kama picha za kitanda zinakunyima usingizi, zinakushinda kazini, na hali ni ileile tangu mwanzo, nenda ukaonane na daktari au mshauri nasaha. Sisemi hivyo kukutisha. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaitambua huzuni kali inayomlemaza mtu kupita miezi sita, na kuzidi mazoea ya jamii yake, kuwa jambo la kutibiwa. Kwa barua yako sidhani umefika huko. Unaandika vizuri mno.

Na jambo la mwisho, kwa sababu nimelisoma mara nne. Babu alikuita kwa jina la mama yako. Wazee wengi, wakiulizwa maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini hivi, na wagonjwa wengi huonekana kurudi huko. Mama yako alizaliwa lini, na babu alikuwa na umri gani? Inawezekana kwa dakika zile alikuwa kijana, ameketi na binti yake mdogo, na uso uliomwonyesha binti huyo ulikuwa wako. Usikitupe kitanda chote.

Mzee, mimi na kaka yangu tumenuniana. Kuna siku babu alidondoka na baiskeli mtaroni, akainuka majani yamejaa kichwani, akatupigia saluti. Niliyekuwa nimekaa nyuma ya baiskeli ni mimi. Kaka anaapa ni yeye. Babu hayupo wa kuamua. Nani mwongo?
*Abiria wa Nyuma*

Hakuna mwongo, na msinuniane tena kwa ajili ya mtu aliyeanguka mtaroni akapiga saluti.

Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi kuhusu mapacha wanaogombania kumbukumbu: kila mmoja anaapa kwamba tukio fulani lilimpata yeye, na pacha wake alikuwa mtazamaji. Watafiti waliyakuta mambo hayohayo hata kwa ndugu wa kawaida na marafiki. Kisa kikisimuliwa mara nyingi nyumbani, msikilizaji hukiona kichwani kama sinema, na baada ya miaka sinema hiyo inakaa kwenye kiti cha mbele. Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani, yeye na mwenzake walikwenda mbali zaidi: mwaka 1995 walieleza jinsi walivyowasimulia watu wazima 24 kisa cha uongo cha kupotea dukani utotoni, na karibu robo yao wakaanza "kukikumbuka". Na kama mmoja wenu alikuwa hajafika miaka mitatu siku ile, simpi nafasi kubwa, kwa sababu watu wazima wengi hawana karibu chochote cha umri huo.

Hata kwetu ugomvi upo. Dada yangu (huyuhuyu wa sabuni) anasema babu alikuwa anavaa lenzi jicho la kushoto. Mimi nasema la kulia. Nikatoa picha: la kulia! Akasema picha imesafishwa kinyume, jambo ambalo kweli hutokea filamu ikigeuzwa. Tukaangalia mfuko wa shati. Uko kifuani kushoto, mahali pake. Amekubali kwa shingo upande, lakini wajukuu zake bado anawaambia kushoto.

Andikeni vyote viwili, chako na chake, kwenye karatasi moja, kila mmoja kwa mwandiko wake. Mimi ningependa kujua baiskeli ilikuwa ya rangi gani kwa kila mmoja wenu, na saluti ilipigwa kwa mkono upi.

Shikamoo Mzee. Sikumlilia babu. Siku ya maziko mimi na binamu zangu tulikuwa tunacheka nyuma ya nyumba tukikumbuka vituko vyake, shangazi akatufukuza. Mtu mmoja kazini ameniambia huzuni ina hatua tano na mimi nimeruka nne. Je, zitanirudia baadaye?
*Mcheka Msibani*

Marahaba. Mwambie huyo wa kazini kwamba hatua zile tano, yaani kukana, hasira, kubembeleza, sonona na kukubali, zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hakuwa anawazungumzia wajukuu waliobaki. Baadaye yeye mwenyewe alisema hakukusudia ziwe ngazi ya kupandwa kwa zamu. Watafiti wawili wa Uholanzi, Stroebe na Schut, walieleza mwaka 1999 jambo linalofanana zaidi na ninayoyaona kwa macho yangu: mfiwa huenda na kurudi, leo yuko ndani ya msiba, kesho yuko kwenye shughuli zake, mchana anacheka, usiku hakuna.

Na kicheko chenyewe kimepimwa. Keltner na Bonanno, kwenye utafiti wao wa 1997, waliwasikiliza watu waliofiwa na wenzi wao miezi kadhaa nyuma wakizungumza juu ya marehemu. Waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja pembe za macho, walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao. Kwa hiyo hujaruka kitu. Chozi likija siku moja ukiwa kwenye foleni, lipokee, lisipokuja, usilidai.

Ila kwa shangazi nitakusema. Kwako alikuwa babu, mzee wa vituko, ulimkuta na mvi zake na subira yake. Kwake alikuwa baba. Alimjua akiwa na nguvu, na pengine akiwa na hasira, na siku ile alikuwa amebaki bila wa kumwita. Hakuna aliyekosea kucheka, lakini mngeweza kusogea mbali kidogo na dirisha lake. Nenda kamsalimie. Ukifika, mwambie kimojawapo cha vile vituko. Namwekea dau kwamba ana vingine ambavyo ninyi hamvijui, vya miaka ambayo hamkuwepo.

Mzee, mwanangu ana miaka minne na maswali elfu. Hakumwona babu yangu, aliyenilea. Nataka amjue. Tatizo: babu alikuwa mlevi kwa miaka mingi, mpaka alipoacha nikiwa darasa la tano. Niliondoe hilo?
*Baba wa Mdadisi*

Usiliondoe. Lipunguze likae kwenye kiganja cha mtoto wa miaka minne: "Kulikuwa na kitu babu alikipenda, kikawa kinamuumiza yeye na sisi, akakiacha. Ilikuwa kazi ngumu." Akifika kumi atauliza kitu gani. Akifika kumi na sita atauliza kwa nini, na hapo utahitaji kiti.

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kuwauliza watoto juu ya familia zao: wazazi wako walikutanaje, babu na bibi walikulia wapi, nani katika familia aliwahi kupatwa na jambo baya. Watoto waliojua majibu mengi walielekea kujithamini zaidi na kuona kwamba wana mamlaka fulani juu ya maisha yao. Wenyewe walionya kwamba majibu hayo si dawa ya kumkaririsha mtoto. Yanaonyesha tu kwamba nyumba ile ina mazungumzo. Na visa vilivyowasaidia zaidi ni vya kupanda na kushuka, tulikuwa hivi, tukaanguka, tukainuka. Babu yako ametimiza masharti yote.

Mimi nilikuzwa na babu aliyesafishwa. Nyumbani hakuna aliyetuambia kwamba alinuniana na ndugu yake miaka kumi na mmoja kwa sababu ya saa moja ya ukutani ambayo kila mmoja alidai ni ya baba yao. Nililijua nikiwa na miaka arobaini na tatu, na badala ya kumpungukia heshima nikamwelewa. Kumbe ndiyo maana hakuwahi kukubali kutengeneza saa za ukutani, hata kwa malipo maradufu. Tulikuwa tunadhani ni ubovu wa macho.

Tumia na picha. Mtoto akiuliza "huyu nani?", mjibu, kisha geuza picha uandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza: jina, mahali, mwaka kama unaujua. Kalamu ya wino hutoboza rangi upande wa pili. Kama mgongo wa picha ni wa plastiki inayong'aa na penseli haishiki, iandikie bahasha kwanza, halafu ndiyo uitie picha ndani. Nimeona masanduku mazima ya watu wanaotabasamu ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja.

Mzee, namsikia babu akikohoa chumbani kwake alfajiri. Ana mwaka mmoja tangu afariki. Nimwambie mtu, au nitaonekana nimerukwa na akili?
*Jirani wa Ukuta*

Waambie. Daktari Dewi Rees wa Wales aliwahoji wajane na wagane 293, akachapisha majibu yao mwaka 1971: karibu nusu walikuwa wamehisi uwepo wa marehemu, wengine kumwona au kumsikia, na wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu hata mmoja. Wengi waliona jambo hilo linawafariji. Kama kikohozi hakikuamrishi ufanye lolote wala hakikutishi, kiitikie tu ugeukie upande wa pili.

Shikamoo Mzee wetu. Nina kaseti moja ya babu akisimulia safari yake ya kwanza ya treni. Imekaa kwenye droo zaidi ya miaka 25. Redio ya kaseti ipo, lakini naogopa utepe usije ukaliwa. Nifanyeje?
*Mwenye Kaseti*

Marahaba, na asante kwa kuogopa. Ungeipiga tu kwa furaha tusingekuwa na cha kuzungumza.

Kaseti za namna hii zilitolewa na Philips mwaka 1963. Ndani ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma kwa gundi, na sauti ya babu ni mpangilio wa sumaku katika unga huo. Gundi huzeeka. Kwa hiyo panga kana kwamba itapigwa mara moja tu, na mara hiyo ndiyo unayoirekodi.

Kabla ya yote, angalia ukingo wa kaseti ulio upande wa pili wa pale utepe unapoonekana. Kuna vilimi viwili vidogo vya plastiki. Vikiwa bado vipo, vivunje kwa ncha ya kisu. Hapo hakuna mashine itakayoweza kurekodi juu ya babu hata mtu akibonyeza kitufe kibaya. Nimeshuhudia binamu yangu akifuta hotuba nzima ya harusi ya wazazi wake kwa kujaribu tu kama kitufe chekundu kinafanya kazi.

Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona ungaunga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu: usiipige, mtafute fundi anayeshughulika na kanda za zamani. Ukiona kile kipande kidogo cha sufi katikati, nyuma ya utepe, kimebanduka, fundi pia. Ni kazi ndogo. Utepe ukiwa umelegea, ingiza penseli ya pembe sita kwenye tundu uzungushe taratibu mpaka ukaze. Hili la penseli watu wa umri wangu hatuhitaji kufundishwa.

Redio yako usiiamini kwa sababu ipo. Kisafishe kichwa chake na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, subiri ikauke, halafu ipigishe kaseti yoyote usiyoijali, pande zote mbili, mpaka mwisho. Ikiitafuna hiyo, umeshukuru. Isipoitafuna, zungusha ya babu mbele mpaka mwisho na kurudi mara moja, ili utepe ujipange. Unganisha waya kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni kwenda kwenye kompyuta, anza kurekodi kwenye kompyuta kwanza, ndipo ubonyeze kaseti. Kuweka simu mbele ya spika ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini utasikia na jogoo wa jirani.

Hifadhi kwa WAV, faili isiyobanwa. Saa moja itachukua takriban megabaiti 600, siyo nyingi kwa siku hizi. Nakala nyepesi za kuwatumia ndugu utazitoa humo. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Utepe ukikatika katikati ya kazi, usilie na usiunge kwa gundi ya karatasi, maana gundi hiyo huvuja ikanata kwenye mzunguko unaofuata. Upo utepe maalumu wa kuungia, na kinachopotea hapo ni chini ya sekunde moja. Geuza na upande wa pili hata kama umeandikwa "nyimbo". Watu walikuwa wanarekodi juu ya nyimbo, na wakati mwingine hawakujaza.

Kaseti yenyewe usiitupe. Irudishe kwenye kasha lake, isimame wima, mbali na joto, jua na spika kubwa.

Kijana mwenye kompyuta atakuja akutolee ushauri wa kuisafisha sauti: aondoe mvumo, akate mahali babu anapokohoa, akate kimya. Mruhusu afanye kwenye nakala, ile ya kwanza asiiguse. Pale mwanzoni hasa, kabla ya treni, karibu kila mzee aliyewahi kuwekewa kinasa sauti mbele yake amesema neno moja kwa mashaka, kisha mtu mwingine chumbani akamjibu kwa kicheko. "Imeshaanza?" Sikiliza ni nani anayecheka, halafu niandikie.